Shajara ya mradi: Kuhesabu ndege wa mwaloni na kuondoa nyavu za timba kusini mwa bandari ya Mwanza

Jumamosi, 25 Januari 2025. Eneo, vifaa na hesabu ya kwanza

Shajara hii inatunzwa ili kikundi kingine cha ufukweni, kiwe cha Ukerewe, Sengerema au Musoma, kiweze kuifuata kazi yetu na kuepuka makosa ambayo sisi tutakuwa tumekwisha kuyalipia. Tumeanza watu sita: walimu wawili wa sekondari, wavuvi wawili, mama mmoja anayeanika na kuuza dagaa, na mimi ninayeshika daftari. Eneo tulilochagua ni kipande cha ufukwe cha takribani kilomita mbili upande wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza, kusini mwa bandari, kuanzia Igogo kuelekea Mkuyuni. Asubuhi hewa ikiwa safi tunaiona Capri Point na Kisiwa cha Saanane, ambacho kilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Ndege wengi wanaolala kwenye majabali ya upande ule huja kula huku kwetu, penye mwalo (mahali wavuvi wanapoegesha boti na kushusha samaki), mitaro ya mji, vipande vya matete na boti zilizoegeshwa, na huku hakuna askari wa hifadhi.

Tunataka kujua mambo mawili: ndege gani wanaishi hapa na kwa idadi gani, na ni kitu gani hasa kinachowaua. Tumenunua darubini moja ya mtumba kwa Sh 180,000, kihesabio cha mkononi kwa Sh 12,000, na madaftari pamoja na penseli kwa Sh 6,000. Tumeamua kutumia penseli kwa sababu wino huenea karatasi ikilowa. Tumeweka vituo vinne, kila kimoja tunakaa dakika ishirini, tukianza saa 12:30 asubuhi, na ndege anayepita juu bila kutua hahesabiwi.

Hesabu ya leo ni ndege 412. Yangeyange walikuwa 124, shakwe wa kichwa cha kijivu 83, mnandi wa aina zote mbili 71, mwewe 46, korongo wale wenye upara na mfuko wa nyama shingoni 29, mdiria weusi kwa weupe 22, na wengineo 37, wakiwemo kwarara, koikoi, fundichuma wawili na furukombe mmoja aliyekaa juu ya mti mkavu uliozama wakati maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020. Mti huo umekufa, lakini mnandi wameufanya jukwaa lao la kukaushia mabawa.

Jumamosi, 15 Februari 2025. Idadi inaanguka

Leo tumepata ndege 187. Ni chini ya nusu ya hesabu ya Januari, ingawa tulikuwa watu walewale, isipokuwa mama wa dagaa aliyekuwa msibani, katika vituo vilevile na kwa saa ileile. Yangeyange wamebaki 31, shakwe 18, mwewe 14 na korongo 12.

Ni lazima niandike kwa uwazi tulichotaka kufanya, kwa sababu hapo ndipo kikundi kinaweza kujivunjia heshima. Tulikaa chini ya mwembe, tukakubaliana kwamba kuna sumu au mafuta ya meli yaliyomwagika, na mwalimu mmoja akaandika rasimu ya barua kwenda halmashauri kudai uchunguzi. Mimi mwenyewe niliisahihisha barua ile. Kilichotuzuia ni jambo moja dogo lililokuwa wazi katika daftari: mnandi walikuwa 68 na mdiria 20, karibu sawasawa na mara ya kwanza. Sumu iingiayo majini ingemwachaje mla samaki na kumwondoa mwewe? Barua haikutumwa.

Jumamosi, 1 Machi 2025. Kosa limejulikana

Hesabu ya leo ni 431, na yangeyange peke yao ni 131. Mama yetu wa dagaa, ambaye mwezi uliopita alikuwa msibani, alisikiliza maelezo yetu mpaka mwisho kisha akasema: "Mwalimu, mlikuja siku za mbalamwezi. Mwaloni hapakuwa na dagaa hata wa kulambisha paka. Hao ndege wangekuja kufuata nini?"

Jibu lilikuwa hilo. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa kwa taa, zamani karabai na sasa nyingi za betri na sola, kwa hiyo wavuvi hutoka usiku wa giza na hupumzika mwezi unapokuwa mpevu, maana taa haiwavuti dagaa chini ya mbalamwezi. Tarehe 25 Januari ilikuwa giza, mwezi mwandamo ukiwa tarehe 29. Tarehe 15 Februari ilikuwa siku tatu tu baada ya mwezi mpevu. Wakati wa giza dagaa huanikwa juu ya mchanga, juu ya chanja na juu ya mawe, na yangeyange, shakwe, mwewe na korongo huja kudokoa. Wakati wa mbalamwezi ufukwe huwa mtupu, nao hutawanyika kwenda majalalani, mashambani na kwenye mialo mingine. Mnandi na mdiria hawatikisiki kwa sababu wao hujivulia wenyewe.

Kuna jambo la pili linaloandamana na mwezi. Wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama nguzo za moshi, hutoka kwa wingi karibu na mwezi mwandamo, na buabua pamoja na mbayuwayu huwafuata. Kwa hiyo mwezi unabadilisha chakula cha ndege mara mbili, angani na ufukweni.

Kuanzia leo kila ukurasa wa hesabu una safu tatu zaidi: umri wa mwezi, idadi ya boti zilizorudi na dagaa, na eneo lililoanikwa kwa kukadiria hatua. Hesabu ya giza italinganishwa na ya giza, na ya mbalamwezi na ya mbalamwezi. Nasisitiza hili kwa yeyote atakayeiga kazi yetu: mahali penye bandari na mwalo, hesabu ya ndege isiyosema siku hiyo watu walikuwa wakifanya nini haifai kutolewa ushahidi.

Nimemwangalia mdiria kwa muda mrefu zaidi leo. Huyu ndiye anayesimama hewani akipiga mabawa mahali pamoja, kichwa kimetulia kana kwamba kimefungwa kwa uzi, kisha anajitupa. Watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliofanya kazi katika ghuba hii pamoja na watafiti wetu tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 waliona kwamba zamani mdiria wa hapa alikula furu, samaki wa asili wa ziwa hili. Sangara alipoongezeka katika miaka ya 1980 na furu wakatoweka kwa wingi, mdiria akahamia kwenye dagaa, ambaye ni mdogo zaidi, hivyo ikamlazimu kuvua samaki wengi zaidi ili ashibe. Nilipomtazama akikosa mara tatu mfululizo nilielewa kwamba mabadiliko tunayoyasoma katika takwimu za uvuvi yeye anayalipa kwa nguvu za mabawa yake.

Jumamosi, 12 Aprili 2025. Mvua

Hesabu ya mbalamwezi: 179. Mvua za masika zimejaza mitaro, na upande wetu mitaro inamwaga ziwani chupa, viatu na mabaki ya mifuko kama Mto Mirongo unavyofanya upande wa pili wa Capri Point. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku kuanzia 1 Juni 2019, na kwa kweli imepungua sana, lakini chupa na vifungashio vyembamba bado ni vingi. Buabua ambao Januari walikuwa weupe na kijivu sasa wengi ni weusi kichwani na kifuani, maana wamevaa manyoya ya kuzalia na wanajiandaa kwenda kaskazini.

Jumamosi, 17 Mei 2025. Kinachowaua

Kwa miezi minne tulikuwa tukitafuta muuaji mkubwa, ama mafuta, ama sumu, ama moshi wa mji. Leo tumezunguka ufukwe wote kwa mtumbwi, karibu kabisa na mawe na matete, tukikagua badala ya kuhesabu, na tumekuta ndege 11 waliokufa. Tisa kati yao walikuwa wamenaswa katika vipande vya timba.

Kwa wasomaji wasioishi ziwani, timba ni wavu wa uzi mmoja wa plastiki unaong'aa, mwembamba na mwepesi, ambao ukiwa majini hauonekani. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinaukataza. Hauozi, haukarabatiki vizuri, na kwa kuwa ni wa bei nafuu, ukichanika hukatwa na kutupwa. Vipande hivyo huelea mpaka vinase kwenye mawe na matete, na hapo huendelea kuvua bila mwenyewe, mwaka hadi mwaka. Samaki mdogo hunasa, mnandi humwona na kumfuata, naye hunasa.

Mmoja tulimkuta hai. Alikuwa mnandi mdogo, yule mwenye mkia mrefu na jicho jekundu, na uzi ulikuwa umeingia katika pembe ya mdomo wake, ukapita chini ya bawa la kushoto na kurudi mguuni, hivyo kila alipojaribu kuinua bawa alijivuta kichwa mwenyewe. Kosa letu la kwanza lilikuwa kuuvuta uzi. Ulizama zaidi, damu ikatoka. Mvuvi mmoja wetu alituambia tuache, akamfunika ndege kichwa kwa kanga, na mara ile akatulia. Kisha tulikata uzi kwa wembe, fundo kwa fundo, tukianzia mguuni na kumalizia mdomoni. Ilichukua dakika ishirini na tano. Tulimweka juu ya jiwe, akakaa amenyong'onyea, akatapika samaki mmoja, akajirusha majini. Tangu hapo ndani ya mtumbwi wetu hukaa kitambaa, wembe na mkasi mdogo wenye ncha butu.

Gharama ya siku: mtumbwi wa mashine na petroli Sh 50,000, glovu ngumu jozi nane Sh 40,000, mabuti jozi nne Sh 88,000, mikasi na nyembe Sh 14,000, viroba Sh 10,000. Tulitoa kilo 38 za nyavu zikiwa zimelowa, tukazipima kwa mizani ya dagaa.

Jumamosi, 14 Juni 2025. Kazi ya nyavu, awamu ya pili

Tumepanga kazi ya nyavu iwe siku za mbalamwezi, kwa sababu ndipo wavuvi wanapokuwa nyumbani na wanaweza kutusaidia bila kupoteza riziki ya usiku. Leo walikuja kumi na wanne. Tumetoa kilo 57. Tulikuta ndege sita waliokufa.

Makosa mawili yanahitaji kuelezwa. Kwanza, tulitumia kulabu ya chuma kuuvuta wavu kutoka ndani ya matete. Kulabu ilikuja na wavu, lakini pia ilikuja na mashina ya matete na viota vitatu vya kwera, kimoja kikiwa na makinda. Tangu hapo ndani ya matete hatutumii kulabu: mtu huingia na mkasi, anakata wavu katika vipande vya urefu wa mkono, anavitoa kimoja kimoja. Kazi imekuwa ya polepole mara tatu. Kulabu imebaki kwa ajili ya mawe tu.

Pili, tulipakia viroba vya timba ndani ya mtumbwi na kuanza safari ya kwenda upande mwingine wa mwalo bila karatasi yoyote. Kumiliki timba ni kosa, na tulisimamishwa. Kwa bahati, kiongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) wa mwalo wetu alikuwepo akaeleza habari zetu vizuri, tukaruhusiwa baada ya saa mbili za kuelezana. Anayeiga kazi hii aanze kwa barua: sisi sasa tunaye ofisa uvuvi anayearifiwa siku tatu kabla, na BMU inaandika idadi ya viroba vilivyotoka na mahali vilipopelekwa.

Gharama: mtumbwi na petroli Sh 50,000, chakula cha watu ishirini Sh 36,000.

Jumamosi, 28 Juni 2025. Kosa kubwa zaidi la mwaka

Baada ya kazi ya tarehe 14 tulikuwa na nyavu nyingi na hatukujua pa kuzipeleka. Kuzichoma tulikataa, kwa sababu moshi wake ni mbaya na nyumba ziko karibu. Mnunuzi wa chupa chakavu alizikataa, akasema si plastiki ya aina anayonunua. Ndipo akina mama watatu wenye bustani za mchicha na sukuma wiki karibu na maji wakaziomba wazungushie bustani dhidi ya mbuzi na kuku. Tuliona ni jambo jema, tukawapa kilo 20 hivi, nasi tukapiga picha ya furaha.

Leo, wiki mbili baadaye, nimepita kwenye bustani hizo. Katika uzio wa kwanza kulikuwa na kwera wawili waliokufa. Katika wa pili alikuwemo mdiria, ambaye huenda alishuka moja kwa moja kutoka ukingoni kuelekea majini bila kuuona uzi, pamoja na kenge aliyekaukia hapo. Katika wa tatu hapakuwa na kitu. Tulikuwa tumeuhamisha mtego kutoka majini tukausimamisha hewani, mahali ambapo ndege wengi zaidi hupita.

Nilikwenda kwa kila mama kuomba radhi. Mmoja aliniambia, "Mwanangu, mimi nilidhani mmeshazijua hizi nyavu, ndiyo maana mnazikusanya." Sikuwa na la kujibu.

Tulizitoa zote siku hiyohiyo, na mahali pake tukaweka wavu mkuukuu wa dagaa, ambao tulinunua kwa Sh 45,000. Wavu wa dagaa una tundu dogo sana na uzi mzito unaoonekana, kiasi kwamba kuku anazuiwa na ndege anauona. Kipimo tunachokitumia sasa ni rahisi: ikiwa kidole cha mkono kinapita katika tundu, wavu huo hautumiki kwenye uzio, wala juu ya chanja, wala mahali pengine popote ufukweni. Timba iliyobaki tumeitenganisha na maboya na risasi zake za kuzamishia wavu, tumeikata vipandevipande na kuifunga katika viroba vilivyoshonwa, na imewekwa katika stoo ya BMU mpaka apatikane wa kuichukua. Si suluhisho la mwisho, lakini haiui.

Jumamosi, 9 Agosti 2025. Magugu maji

Upepo ulileta zulia la magugu maji likajaza kona ya kusini ya eneo letu, karibu na matete, lenye urefu wa hatua arobaini hivi. Wavuvi walishindwa kupitisha mitumbwi, wakatuomba nguvu. Gugu hili liliingia katika ziwa letu mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 waliachiliwa mbawakawa wadogo wa kulila, ambao alama za meno yao bado tunaziona kwenye majani. Mbawakawa wamelipunguza bila kulimaliza, na kila mvua inaposhusha mbolea na majitaka ziwani gugu hupata chakula kipya.

Tulivuta zulia lote nchi kavu kwa saa tano. Jioni, tukiligeuza lundo, tukakuta mayai mawili mazima na mengine yaliyopasuka, ya rangi ya kahawia yenye mistari myeusi iliyopindapinda, kana kwamba mtoto ameyachorachora kwa kalamu. Yalikuwa ya ndege yule wa vidole virefu anayetembea juu ya majani yanayoelea (Actophilornis africanus). Kwa ndege huyu dume ndiye anayeatamia na kulea, na makinda huwabeba chini ya mabawa miguu yao ikining'inia. Dume lenyewe lilikuwa likizunguka juu ya maji matupu mpaka giza lilipoingia.

Tulibishana usiku ule. Wavuvi walisema, kwa haki, kwamba hawawezi kuzuiliwa njia ya kwenda kazini na ndege mmoja. Mwalimu mmoja alisema magugu yakiachwa yataziba kila kitu na samaki watakosa hewa, na hilo pia ni kweli. Tulichokubaliana ni hiki: kabla ya kuvuta, mtu mmoja anakaa na darubini kwa dakika ishirini; tunafungua njia ya mitumbwi na kuondoa zulia jipya linaloelea wazi; zulia lililokwisha kushikamana na matete, ambalo ndege wamekwisha kulizoea, tunaliacha mpaka makinda yatoke. Kwa maoni yangu huu ni uamuzi wa eneo dogo kama letu, na pale ambapo gugu limefunika ghuba nzima sheria hii haitafaa.

Kuna kosa jingine lililotokea siku hiyohiyo. Mabuti yetu yanaishia chini ya goti, maji yalikuwa ya mapajani, na wengi waliyavua wakaingia miguu mitupu. Ndani ya magugu ndimo wanamoishi konokono wanaobeba kichocho.

Jumamosi, 20 Septemba 2025. Vizimba

Wawili wetu wamepimwa na kukutwa na kichocho, wamepewa dawa na wanaendelea vizuri. Vipimo, dawa na nauli vimetugharimu Sh 39,000. Hakuna tena anayeingia majini miguu mitupu. Kazi ya magugu inafanyika kutoka ndani ya mtumbwi, kwa reki yenye mpini mrefu.

Hesabu ya giza: 405. Buabua wamerudi, wakiwa na mabaka meusi ambayo hayajaisha.

Mmiliki mmoja wa vizimba vya sato, vilivyo nje kidogo ya eneo letu, alisikia habari za nyavu akatuita mwenyewe. Ndege walikuwa wakimlia vifaranga, akafunika vizimba kwa wavu mwepesi, na sasa mnandi walikuwa wakifia juu yake. Tulikuta watatu. Wavu ulikuwa umelegea mpaka ukagusa maji katikati, hivyo mnandi aliyetua juu yake alizama nao, akawaona samaki chini ya miguu yake, akaingiza kichwa. Mwenye mali alikuwa akipata hasara mbili, ya samaki na ya wavu.

Tulifanya kazi naye siku nzima. Tulikaza wavu kwa kamba za pembeni na kuuinua juu ya maji kwa fito, kiasi cha urefu wa mkono. Kwenye vizimba viwili tukabadilisha wavu wenyewe, tukaweka wa uzi mzito mweusi unaoonekana kutoka mbali. Yeye ndiye aliyelipia. Tulikubaliana atutumie ujumbe kila akikuta ndege aliyekufa, na hadi ninapoandika ameripoti mmoja tu, katika kizimba ambacho hakikubadilishwa.

Jumamosi, 22 Novemba 2025. Ukingo wa mdiria

Mdiria hutaga ndani ya mashimo anayochimba katika kingo za udongo. Katika eneo letu lote kuna ukingo mmoja tu unaofaa, wenye mashimo kumi na saba, na tangu Oktoba watu wamekuwa wakichimba mchanga chini yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Tuliwaeleza wachimbaji, ambao ni vijana wa mtaani tunaowafahamu, na wao wakatuuliza tutawapa kazi gani nyingine. Nusu ya ukingo imekwisha kuporomoka. Mashimo yaliyobaki ni manane.

Tulijaribu kuwatengenezea mdiria ukingo mwingine kwa kukata kichuguu cha udongo kilicho hatua mia moja kaskazini. Hakuna aliyechimba hata shimo moja. Nadhani udongo ni mgumu mno na uko mbali na maji, lakini tutajaribu tena baada ya mvua, chini zaidi.

Jumamosi, 17 Januari 2026. Mwaka mmoja

Giza, mwezi mwandamo ni kesho. Boti ishirini na moja zilirudi na dagaa, ufukwe umeanikwa kuanzia kituo cha kwanza hadi cha tatu. Hesabu: 397, dhidi ya 412 za Januari iliyopita. Tofauti hiyo ni ndogo mno kusema lolote, nasi hatutasema lolote. Mnandi ni 74. Mdiria ni 15, walikuwa 22, na huko ndiko macho yetu yalipo.

Katika ukaguzi wa nyavu tumekuta ndege wanne waliokufa na kilo 19 za timba, nyingi zikiwa mpya, kwa maana kwamba zimetupwa baada ya Juni. Mei walikuwa ndege 11. Mawe na matete tumeyasafisha, lakini timba inaendelea kuingia. Wavuvi kumi na wawili wa mwalo wetu sasa wanaleta vipande vyao stoo badala ya kuvitupa, na BMU imeweka pipa kwa ajili hiyo kwenye mlango wa mzani.

Jumla ya fedha zilizotumika kwa mwaka mzima, pamoja na Sh 30,000 za chakula cha siku ya magugu, ni Sh 600,000, zote michango yetu wenyewe. Tukianza upya leo tungenunua kwanza mabuti marefu na tungeandika barua ya ofisa uvuvi kabla ya kununua darubini.

Hesabu ya mbalamwezi itakuwa 31 Januari. Mama yetu wa dagaa ndiye atakayeshika daftari siku hiyo, na mimi nitakaa ukingoni kwa mdiria, kuhesabu mashimo yaliyobaki na kuona ni mangapi yanaingiwa.